"The storm broke" siyo dhoruba kukatika: yaliyonikuta Nungwi

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu amekukata alama kwa kuandika "big rain". Waingereza mvua yao huwa nzito: "heavy rain". Upepo ni "strong", bahari ikichafuka ni "rough". Usitafute kanuni, ni mazoea. Hata kwetu mgeni akisema mvua inaanguka tunamwelewa, ila tunacheka kimoyomoyo.

Hilo ni la alama mbili tu. Wewe ogopa "break".

Nilikuwa baharia kule Nungwi, Zanzibar, kwenye boti ya kupeleka watalii kuzamia kisiwa cha Mnemba. Siku hiyo wingu jeusi limetanda, mzee mmoja Mwingereza akaniambia, "The storm's about to break." Mimi najua break ni kukatika, na mvua ikikatika si ndiyo imeisha? Nikamwambia nahodha, "Babu anasema inakatika hiyo." Tukashusha wazamiaji. Hazikupita dakika kumi, mbingu ikafunguka. Tulivyohangaika kuwatoa majini wale watu, na matusi niliyokula kwa nahodha, siwezi kuyaandika hapa. Babu wa watu ananitazama tu, anadhani nimempuuza.

Kumbe "the storm broke" ndiyo imeanza, kama jipu lililoiva likapasuka. Kabla ya hapo huwa "brewing", kitenzi kilekile cha kutengeneza pombe na chai. Upepo ukitulia, "it dies down". Ikipita bila madhara, "it blows over", na hii utaisikia hata kwenye ugomvi wa ofisini. Balaa ni kwamba "a break in the rain" ni mvua kukatika kweli! Neno moja, likiwa kitenzi linaanzisha, likiwa nomino linapumzisha.

"Take by storm" haina hata tone la maji, ni lugha ya askari kuvamia ngome. Ile ya paka na mbwa, "it's raining cats and dogs" kwa mvua kubwa, achana nayo. Mimi wageni wangu walisema "it's pouring" basi.

Na "breeze" isikudanganye. Kamusi itakwambia upepo mwanana, lakini kwenye kipimo cha Beaufort, kile cha nguvu za upepo wanachotumia mabaharia, "strong breeze" ni nguvu ya 6, kilomita 39 hadi 49 kwa saa. Taarifa ikisoma hivyo, boti kama yetu inabaki nangani na sisi tunacheza bao.