Kupanga njia ya sindano kwa kompyuta: angalia kinachouzunguka mstari

Programu ya kupanga njia ya sindano hutafuta jibu la swali moja: kati ya maelfu ya vituo vilivyopo juu ya ngozi ya mgonjwa, ni vipi ambavyo mstari mnyoofu ukianzia hapo utaufikia uvimbe bila kugusa kisichopaswa kuguswa? Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa mipango ya aina hiyo kwa ajili ya madaktari wanaochukua vipande vya tishu kwa uchunguzi, au wanaoua uvimbe wa ini kwa joto la sindano maalumu. Ushauri wangu kwa anayeanza kazi hii ni kwamba asiupime mstari peke yake, bali apime na eneo linalouzunguka, kwa sababu njia inayofaa ni ile ambayo sindano ikipotoka kidogo ndani yake bado haimdhuru mtu.

Picha ndiyo inayotangulia. Kompyuta haiwezi kuukwepa mshipa wa damu ambao hauonekani kwenye picha iliyopewa, na mshipa mwembamba hupotea kwa urahisi katika picha za CT (eksirei zinazouonyesha mwili kipande kwa kipande) zilizokatwa kwa unene wa milimita 5. Omba vipande vya milimita 1 hivi, na kama kazi ni ya ini, omba picha zilizopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, katika muda ambao vena za ini zimejaa dawa hiyo na si ateri peke yake. La muhimu zaidi, na ambalo husahauliwa mara nyingi, ni jinsi mgonjwa alivyolala. Picha za uchunguzi kwa kawaida hupigwa mgonjwa akiwa chali, ilhali sindano ya figo au ya sehemu ya nyuma ya pafu huingizwa akiwa amelala kifudifudi au kwa ubavu. Mwili ukigeuzwa, utumbo husogea, pafu hubadilika umbo, na ngozi huvutika. Mpango uliotengenezwa kwa picha za chali hautakiwi kutumika kwa mgonjwa aliyelala kifudifudi, hata kama muda ni mfupi. Picha mpya ipigwe katika mkao wa tiba wenyewe, na mpango urudiwe juu ya picha hiyo.

Baada ya hapo huja kazi ya kuchora mipaka ya viungo. Siku hizi programu hujichorea zenyewe ini, figo, mapafu na mifupa, tena kwa ubora wa kuridhisha, lakini huteleza palepale tunapozihitaji zaidi: kwenye vijishipa vyembamba, kwenye utumbo mpana uliojikunja karibu na ini, na kwenye kiungo kilichobadilishwa umbo na ugonjwa wenyewe. Mimi sipotezi muda kuusahihisha mpaka mzima wa ini. Hupitia kwa jicho kipande baada ya kipande sehemu ile tu ambayo njia zinazopendekezwa zinapita, pamoja na sentimita kadhaa kila upande.

Ndipo tuyaingize masharti yasiyovunjwa, na haya hutoka kwa daktari, si kwa mhandisi. Kwenye kifua, ateri, vena na neva hupita chini ya ukingo wa chini wa kila ubavu, kwa hiyo sindano hupitishwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu unaofuata. Kwenye pafu, utando unaolifunika hutobolewa mara moja tu, na mipaka kati ya sehemu kuu za pafu huepukwa, kwani kila tundu la ziada huongeza uwezekano wa hewa kuvuja na kulifanya pafu lisinyae. Uvimbe ulio karibu na uso wa ini haudungwi kutoka upande ulio wazi. Sindano hupitia kwanza tishu ya ini yenye afya, nayo tishu hiyo husaidia kuliziba tundu na kuzuia damu. Kwenye ubongo, mahali pa kuingilia huchaguliwa juu ya mkunjo ulioinuka, si ndani ya bonde kati ya mikunjo, kwa kuwa mishipa ya damu hulala mabondeni humo. Sharti ambalo halikuandikwa kwenye programu ni kama halipo, hata kama kila daktari chumbani analijua.

Sasa niseme kwa kirefu kidogo kuhusu umbali, maana hapa ndipo naona mipango mingi ikipimwa vibaya. Programu nyingi hutengeneza ramani ya umbali, ambamo kila nukta ya picha hubeba namba inayoonyesha iko mbali kiasi gani na kitu cha hatari kilicho karibu zaidi. Kuupima mstari ni kuzisoma namba hizo kando ya mstari na kuchukua iliyo ndogo kuliko zote. Njia hiyo ni ya haraka na ni sahihi kihesabu, lakini huchukulia kwamba milimita 4 ni milimita 4 popote ilipo. Mkono wa binadamu haufanyi kazi hivyo. Kosa la digrii 3 pale ngozini huwa milimita 1 tu sindano ikiwa imeingia sentimita 2, hufika takriban milimita 5 kwenye sentimita 10, na karibu milimita 8 kwenye sentimita 15. Kwa hiyo mshipa ulio umbali wa milimita 4 karibu na ngozi una nafasi ya kutosha, ilhali mshipa ulio umbali wa milimita 6 kule ndani kabisa umo ndani ya eneo ambalo sindano inaweza kufika. Ukiitazama namba ndogo pekee, utaikataa njia ya kwanza na kuipitisha ya pili. Tibu tatizo hili kwa kuufanya mstari kuwa koni inayopanuka kadiri kina kinavyoongezeka, kisha uliza kama koni nzima ni salama.

Koni hiyo pia hueleza kwa nini njia fupi hupendelewa, ingawa ufupi wenyewe si usalama. Kuna programu zinazojumlisha vigezo vyote, yaani urefu, umbali kutoka kwenye mishipa, na pembe kati ya sindano na uso wa kiungo, kwa kupewa kila kimoja uzito wake, kisha hutoa alama moja. Siupendi mtindo huo, kwa sababu njia fupi sana inaweza kufidia ukaribu wake na mshipa mkubwa, na alama moja ikaficha mabadilishano hayo. Naona ni bora kumwonyesha daktari njia chache ambazo hakuna inayoizidi nyingine kwa kila kigezo: hii ni fupi lakini iko karibu na utumbo, ile ni ndefu lakini iko wazi pande zote. Uamuzi wa kipi kibadilishwe kwa kipi ni wake, na mara nyingi huufanya kwa sababu ambazo hazimo kwenye data, kama vile mgonjwa asiyeweza kuinua mkono.

Ubongo ulianza kupangiwa njia kwa vipimo mapema kuliko viungo vingine. Watafiti Horsley na Clarke walielezea mwaka 1908 fremu yao ya kufungwa kichwani mwa mnyama ili kuiongoza sindano, na Spiegel na Wycis wakaileta kwa binadamu mwaka 1947. Fuvu ni gumu, na fremu ikifungwa juu yake haisogei. Ini halina fadhila hiyo: hupanda na kushuka sentimita 1 hadi 2, au zaidi, katika kupumua kwa kawaida. Mpango wa ini ufanywe kwa picha iliyopigwa pumzi ikiwa imetolewa nje na kushikiliwa, kwa kuwa hali hiyo hurudiwa kwa usahihi zaidi kuliko pumzi iliyovutwa, na sindano isogezwe katika hali hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba sindano yenye ncha iliyokatwa mshazari hupinda kuelekea upande iliko ncha kali, yaani mbali na uso uliokatwa.

Kuna ukaguzi ambao siuruki. Viwango vya DICOM, vinavyotumika kuhifadhi picha za tiba, huhesabu mhimili wa kwanza kuelekea kushoto mwa mgonjwa, wakati programu ya 3D Slicer huuhesabu kuelekea kulia. Namba zikihamishwa bila kubadilishwa, njia hugeuzwa upande. Chagua kiungo kisicho na mwenzake, ini kwa mfano, uthibitishe kiko upande wake kabla ya kutuma chochote. Vilevile, programu inayoiongoza sindano wakati wa tiba ikikuambia kwamba alama za ngozini zimelingana na picha kwa kosa la milimita 1, hiyo ni habari ya alama, si ya uvimbe. Kule kwenye uvimbe kosa linaweza kuwa kubwa zaidi. Na upime kama sehemu ya sindano inayobaki nje ya mwili itapita ndani ya tundu la mashine ya CT, kwa sababu njia iliyolala sana kwa pembe inaweza kukwama hapo.

Ile digrii 3 niliyoitumia ni mfano tu. Kila baada ya tiba, chukua picha ya mwisho ambayo sindano inaonekana ndani yake, uilinganishe na mpango, na uandike ilipotoka kwa digrii ngapi na ncha iliishia wapi, ukitenganisha ini na pafu, na daktari mmoja na mwingine. Ukiwa na orodha hiyo, upana wa koni yako utatokana na mikono halisi inayofanya kazi katika chumba hicho, na utalazimika kuupanua pale timu inapompokea mtu mpya.