Kupiga kambi na watoto kwenye magereza ya kale ya Tasmania: anzeni na Maria Island

Dada, umeuliza kama inafaa kuwapeleka watoto Tasmania, jimbo la kisiwa huko Australia, wakalale kwenye mahema karibu na magereza ya wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza, au wataogopa na kuchoka bure. Inafaa, tena sana. Ila msikimbilie Port Arthur, lile gereza maarufu, kama wengi wafanyavyo. Anzeni na Maria Island, kisiwa kidogo kando ya Tasmania.

Gari mnaliacha kwenye mji mdogo wa Triabunna, mnapanda boti. Kisiwani hakuna duka, na wageni hawaingii na magari, kwa hiyo mchele, unga na jiko la gesi mnabeba wenyewe. Mahema yanapigwa Darlington, mwendo mfupi kwa miguu kutoka jengo walimolala wafungwa. Asiyetaka hema anaweza kukodi kitanda ndani ya jengo hilohilo, mradi awahi kuweka nafasi. Boti ya mwisho ikishaondoka na wageni wa kutwa, watoto wanapata muda wa kuuliza. Wetu waliuliza hadi usiku, huku wombati, wale wanyama wanene wenye manyoya wa Australia, wakila majani kando ya hema.

Wapelekeni makaburini. Kuna jiwe la Hohepa Te Umuroa, Mmaori wa New Zealand aliyeletwa mwaka 1846 pamoja na wenzake wanne kwa kupigana na utawala wa Waingereza. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1847. Mwaka 1988 watu wa kwao walikuja kuchukua mifupa yake, wakamzika nyumbani. Binti yangu alitaka kujua walimtambuaje baada ya miaka 141. Nilimwonyesha jiwe: limeandikwa Kimaori. Hapo ndipo alipoelewa kuwa mfungwa ni mtu mwenye kwao, na mimi nilifurahi kwamba hakulisikia jambo hilo kwangu kwanza.

Baada ya hapo Port Arthur, iliyofungwa mwaka 1877, itawaingia vizuri zaidi. Msikose ile jela ya upweke. Humo viboko viliachwa, mtu akaadhibiwa kwa ukimya: aliitwa kwa namba, akitoka chumbani alifunikwa uso, na hata kanisani kila mmoja alikuwa na kizimba chake ili asimwone jirani. Mtoto mdogo msimlazimishe kuingia kwenye chumba cha giza. Wetu mdogo alikataa, tukamwacha nje na baba yake.

Kama bajeti imebana, laleni kwenye kambi ya mahema ya Lime Bay. Karibu na hapo yapo magofu ya Coal Mines, machimbo ya makaa ya mawe yaliyofunguliwa mwaka 1833, na hakuna kiingilio. Shikeni watoto mikono, kuta nyingi zimebomoka. Na hata mkienda Januari bebeni masweta na blanketi nzito. Usiku wa Tasmania ni wa baridi kweli.