Kuinua gari la kila siku: anza na tairi, springi baadaye

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina pikapu double cabin, mbele ina springi za koili na wishiboni (ile mikono inayoshika gurudumu), nyuma zile springi za bapa zilizopangana. Naendea kazini kila siku, yaani lami ndio maisha yake, ila wikiendi naingia porini, matope, mawe, saa nyingine mchanga. Tairi zilizopo ni 265/65R17. Duka moja limenishauri niweke lifti, yaani springi za kuinua gari, ya inchi 4 kwanza halafu tairi nitaangalia baadaye, na moyo wangu uko kwenye tairi za inchi 35. Unanishaurije?

JIBU: Ndugu yangu, hapo duka limekuanzishia mwisho. Gari linalokwenda kazini kila siku unaanza na tairi, ukishajua tairi ndio unauliza inahitaji kuinuliwa kiasi gani ili izunguke bila kusugua, na rimu inachaguliwa kufuata hivyo viwili. Ukianza na lifti utajikuta unatafuta tairi kubwa ili tu kujaza lile pengo lililobaki kwenye madgadi, na hapo gharama haziishi.

Tuanze na hesabu kwa sababu watu wengi wanairuka. Tairi yako ya 265/65R17, yaani upana milimita 265, ubavu asilimia 65 ya upana huo na rimu ya inchi 17, ina kimo cha kama milimita 776. Ukienda 265/70R17 unapata kama 803, na 285/70R17 inafika kama 831. Inchi 35 ni milimita 889, hiyo ni zaidi ya asilimia 14 juu ya ulichonacho, na gari lako litaiona kila mahali: gia zitakuwa ndefu, litachoka mlimani, breki zitafanya kazi zaidi, mafuta yatapanda, na wishiboni, bojointi na tairodi (viungo vya magurudumu ya mbele na usukani) zitabeba uzito ambao hazikutengenezewa. Mtu anayeweka 35 vizuri anabadilisha na gia za difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), anakata bodi, anaimarisha mbele. Kwa gari la kazini na wikiendi mimi sikushauri kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana, lifti haiinui difu yako ya nyuma hata kidogo. Difu ya nyuma imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa juu ya tairi, kwa hiyo kinachoipandisha ni tairi peke yake, tena nusu tu ya kimo ulichoongeza. Kutoka 776 kwenda 831 ni milimita 55, basi difu inapanda kama 27. Lifti inakupa nafasi chini ya chasisi, na pembe nzuri ya kupandia na kushukia ili bampa na tumbo la gari visigonge, hiyo ni faida kubwa porini na siidharau, lakini lile jiwe katikati ya njia linalogonga difu litaendelea kugonga kama tairi ni zile zile.

Na la pili, lifti ya springi haiongezi nafasi pale gari linapozama mpaka mwisho. Ile raba ya kuzuia springi isibonyee kupita kiasi iko pale pale ilipokuwa, kwa hiyo tairi ikibanwa juu inafika mahali pale pale. Ndio maana gari linaweza kuonekana lina nafasi tele likiwa limesimama, halafu ukikata kona ya kurudi kinyumenyume gurudumu moja liko shimoni unasikia tairi inakula plastiki ya ndani. Kabla hujalipa mwambie fundi azungushe usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gurudumu moja la mbele likiwa limepandishwa juu ya kitu ili springi ibonyee, mwangalie pamoja.

Kwa matumizi yako mimi ningechukua 265/70R17, aina ya AT (za lami na porini), na lifti ya milimita 40 mpaka 50 basi. Kama roho haitulii nenda 285/70R17, ila ujue magari mengi ya aina yako yatahitaji kupunguzwa plastiki za madgadi, na geji ya mwendo ikisoma 100 wewe utakuwa unakwenda kama 107, kwa hiyo isahihishwe. Tairi za MT (za matope, zenye meno makubwa) ni nzuri kwenye matope mazito, hilo halina ubishi, lakini kwenye lami zinapiga kelele, zinaisha haraka, na mvua ikinyesha breki inakwenda mbali zaidi. Wewe na familia mko lami siku tano za wiki, chagua kwa ajili ya siku hizo.

Kingine, usipite lifti ya milimita 50 kwenye gari lenye wishiboni kama unataka amani. Ukiinua mbele, ekseli zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu zinainama zaidi, jointi zake na buti zake za raba zinachakaa upesi, na kastera (mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia) inapungua, ndio pale usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga na usukani haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Wakati mwingine alaimenti (kunyoosha magurudumu) ya kawaida haitoshi kuirudisha, unahitaji wishiboni za juu zilizotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Weka hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

SWALI: Mimi nimeshainua kwa seti kamili ya lifti, springi na shokapu mpya, lakini sasa gari linaruka ruka hata kwenye tuta dogo, mke wangu hataki tena kupanda. Fundi anasema litazoea.

JIBU: Pole sana kaka, na hapana, halitazoea kiasi hicho. Nahisi umewekewa springi za mzigo mzito kwenye gari tupu. Springi zinachaguliwa kwa uzito unaokaa kwenye gari siku zote: bampa la chuma, winchi, keria, tangi la pili, droo za nyuma. Mzigo wa safari moja kwa mwezi hauhesabiwi. Kama gari lako mbele lina bampa la kiwandani na nyuma huna kitu, chukua springi za mzigo mwepesi, hata kama urefu ni ule ule tabia itakuwa nyingine kabisa. Pima gari kwenye mizani, mbele peke yake na nyuma peke yake, uende na namba hizo dukani.

Na kabla ya kununua chochote punguza upepo uone. Watu wakishafunga tairi nzito za LT (za magari ya mizigo mepesi) wanajaza mpaka zinakuwa ngumu kama gogo. Ni kweli LT inahitaji upepo zaidi kidogo kuliko tairi ya kawaida ili ibebe uzito ule ule, lakini sio kujaza mpaka kikomo kilichoandikwa ubavuni.

SWALI: Nimepata rimu nzuri za matundu 6, gari langu ni Hilux na rimu zimetoka kwenye Ford Ranger. Matundu yanalingana, nifunge?

JIBU: Matundu yanalingana kweli, zote mbili ni 6x139.7, yaani matundu 6 kwenye duara la milimita 139.7, lakini tundu la katikati la Ranger ni milimita 93.1 na habu ya Hilux inataka 106.1. Rimu haitaingia, na usikubali mtu aikwangue.

Ukitafuta nyingine angalia ofseti, ile namba inayoanza na ET inayoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje ya bodi. Linapendeza machoni, sawa, lakini beringi zinapata mzigo zaidi, usukani unavutwa kwenye mashimo, na tairi inachora duara kubwa zaidi ukikata kona, kwa hiyo inasugua pale ambapo rimu ya kiwandani isingesugua. Kaa karibu na ofseti ya kiwandani. Angalia pia rimu imeandikwa inabeba kilo ngapi, na tairi isiwe na namba ya mzigo iliyo chini ya ile ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

SWALI: Nikishafunga kila kitu, kuna cha kuangalia au naondoka tu?

JIBU: Usiondoke tu dada. Alaimenti siku hiyo hiyo, taa za mbele zishushwe maana sasa zinawapiga wenzako machoni, paipu za breki ziangaliwe zisivutike springi ikishuka mpaka mwisho, na kama gari lina kamera au rada ya kufunga breki lenyewe lipimwe upya. Nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Spea iwe saizi ile ile, hasa kama gari lako ni 4x4 ya muda wote, kwa sababu tairi moja yenye kimo tofauti inaifanyisha difu ya katikati kazi bila kupumzika. Hakikisha pia inaingia pale chini inapokaa, 285 nyingine zinagoma. Sheria ya kuinua gari na bima yako ulizia kabla hujafungua hata boliti moja.