"Reason of" au "reason for"?

Dada, umeuliza kama mwanao alikosea kuandika "the reason of the delay". Ndiyo, ni "the reason for the delay". Mwalimu wa mwanao yuko sahihi kuikata "reason of". Inayochukua "of" ni "cause": "the cause of the flood". Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Ujiji, na kosa hili nakutana nalo karibu kila ninaposahihisha insha, kwa kuwa sisi "sababu ya" tunaitumia kwa yote mawili. "Cause for" nayo ipo, lakini sanasana kwenye wasiwasi au furaha: "cause for concern", "cause for celebration".

Ila mwanao akazanie zaidi "result", maana hapo sentensi inapinduka kabisa. Akiandika "the heavy rain resulted in a flood", mvua ndiyo iliyoleta mafuriko. Akiweka "from" badala ya "in", mafuriko ndiyo yameleta mvua! Na "lead to" ikifuatwa na kitenzi, kiishie na -ing: "the rising lake led to people leaving their homes". "Led to leave" isionekane kabisa kwenye karatasi yake.