Kolinesterasi iko chini na mgonjwa amepona: je, sumu bado ipo?

Dada, swali lako nimelisoma. Mdogo wako alikuwa akipulizia nyanya dawa ng'ambo ya Mto Sabaki, sumu ikamwingia akalazwa, sasa anakula na kutembea, ila karatasi ya maabara inaonyesha kolinesterasi, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, bado iko chini. Mimi ni mtu wa maabara hapa Malindi, na wasiwasi kama wako nauona kila msimu wa kupulizia.

Neva ikitaka msuli ujikaze, humwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe. Ikishafanya kazi yake lazima iondolewe papo hapo, la sivyo msuli hautulii. Anayeiondoa ni kimeng'enya hicho, kolinesterasi: huikata ikabaki kolini na asidi ile ya kwenye siki, na molekuli yake moja hukata maelfu kwa sekunde. Mwaka 1914 mtafiti Mwingereza Henry Dale aliona jinsi asetilikolini inavyopotea upesi mwilini, akahisi damu ina kitu kinachoivunja.

Katika damu vimeng'enya vya namna hii vimo viwili. Kimoja kimeshika kwenye utando wa seli nyekundu, na ni cha aina ileile iliyoko kwenye neva. Cha pili kimo kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, nacho hutengenezwa na ini. Sumu za organofosfeti, zilizomo katika baadhi ya dawa za kuua wadudu, huvinasa vyote pale pale vinapokatia asetilikolini. Hapo mate, jasho na makohozi humtoka mtu ovyo, mboni zinanywea, nyama za kope zinachezacheza. Niliwahi kumwona kijana kaletwa na shati limelowa mgongoni kwa pampu iliyovuja. Njia nzima lilikuwa likimwingizia sumu kupitia ngozi. Wauguzi walimvua, wakamwosha kwa sabuni huku dawa ya atropini ikiingia, wala hawakungoja majibu yangu. Walifanya sawasawa kabisa!

Sasa, atropini huzuia asetilikolini isizidi kuchochea tezi na moyo. Kimeng'enya haikirudishi. Kwa hiyo mtu hupata nafuu na kipimo kikabaki chini, hata sumu ikiwa imeshatoka. Kilichonaswa kikakaa sana hakifufuki. Mwili hutengeneza kingine. Cha plazima hurudi kwa wiki kadhaa. Cha seli nyekundu huchukua miezi, maana seli hiyo haina kiini, haiwezi kujitengenezea kipya. Hungojwa seli changa, na moja huishi siku 120 hivi.

Kwa hiyo uliza maabara walipima kipi. Kama ni cha plazima na wiki zinapita bila kupanda, mwambie daktari: ugonjwa wa ini na utapiamlo hukishusha pia, na wako waliozaliwa nacho pungufu. Hao wakipewa suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kwenye upasuaji hukawia sana kupumua wenyewe, kwa hiyo daktari wa nusu kaputi aambiwe mapema.

Na pampu asiiguse kwa sasa, nakusihi. Akirudi kupulizia kabla kimeng'enya hakijapanda, hata dozi ndogo yaweza kumwangusha. Apimwe tena, kwenye maabara ileile, ndipo daktari aamue.