"Control" ya Kiingereza si "kontrole" yetu: kwa mnaoanza tafsiri Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoingia katika biro za tranziti na kampuni za migodi hapa Lubumbashi, kijueni kitenzi "control" mpaka mzizi wake kabla hamjatafsiri barua ya kwanza. Kinatudanganya kwa sababu tumekua na "contrôler" ya Kifaransa, na barabarani kila siku tunasikia "kontrole".

Bosi akiandika kwa Kifaransa kwamba kampuni "contrôle les camions", anamaanisha inaangalia makaratasi, mzigo na uzito. Ukimwandikia Mzambia aliye ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa "we control the trucks", ataelewa kwamba magari yako mikononi mwenu na ninyi ndio mnaoamua yaondoke lini na yapite wapi. Siku mzigo ukipotea, sentensi hiyo itatolewa mezani, na si kwa faida yenu.

Kitenzi chenyewe kilizaliwa kwenye mahesabu. Kilatini cha Zama za Kati kilikuwa na "contrarotulus": "contra" ni kinyume au mkabala, "rotulus" ni gombo. Afisa mmoja aliandika mapato kwenye gombo lake, mwingine akayaandika yaleyale kwenye gombo la pili, kisha yakalinganishwa ili mwizi akose pa kujificha. Neno likapita Kifaransa cha kale, likaingia Uingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani. Mwaka 1374 mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer alipewa kazi ya kushika gombo hilo la pili katika forodha ya bandari ya London, upande wa sufu na ngozi, kwa sharti kwamba gombo aliandike kwa mkono wake mwenyewe. Mshairi mkubwa vile, na alikuwa mtu wa duane! Nawaambia hili kwa sababu kazi yetu ya makaratasi ina ukoo mrefu na wa heshima.

Katika karne ya 15 Kiingereza kilisogea mbele. Mwenye gombo la pili ana uwezo wa kusema hapana, na mwenye uwezo huo hachelewi kuwa mkubwa wa wote. Kukagua kukazaa kuzuia, kuzuia kukazaa kutawala. Kifaransa kilibaki zaidi kwenye ukaguzi: Office Congolais de Contrôle hukagua ubora na wingi wa bidhaa, haiwi bwana wa bidhaa hizo.

Njia ninayoiamini ni kupitia Kiswahili. Jiulize: ni kukagua au kudhibiti? Ikiwa ni kukagua, andika "check", "inspect" au "verify". Ikiwa ni kudhibiti, "control" ina haki yake. Maana ya zamani imebaki katika majina machache, kama "passport control" na "quality control". Hayo yashikeni tu kichwani.

Mkataba wa makampuni unataka uangalifu zaidi, kwa kuwa huko Kifaransa nacho kimehamia upande wa mamlaka. Mwaka 2012 Congo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na katika sheria ya makampuni ya umoja huo "contrôle" ya kampuni ni kushika kweli uwezo wa kuamua ndani yake. Mwenye zaidi ya nusu ya kura huhesabiwa kuwa nao. Kwa hiyo ukikutana na "control" humo, usikimbilie "kukagua". Soma kwanza kifungu kinachoeleza maana ya maneno, ndipo uandike.