Kazi ya makao ya wazee, utaiweza tu ila jua haya

Umeuliza kama utaiweza kazi ya makao ya wazee maana hujawahi kuuguza mtu. Ndugu yangu kuuguza utafundishwa, kumwogesha mtu mzima, kumbadilisha nepi, kumlisha polepole akiwa amekaa wima asije akapaliwa, hayo mkono unazoea. Kinachomaliza watu ni mgongo na shifti za usiku. Mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya masaa 2 hivi asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, sasa uwe nao kadhaa wa hivyo na mwenzako hajatokea kazini, utaelewa nachosema. Usimnyanyue mtu peke yako hata wakuharakishe vipi.

Halafu kuna waliopoteza kumbukumbu, bibi anakuuliza mumewe anarudi saa ngapi na mume alishafariki zamani, ukimwambia ukweli ni msiba mpya kila siku, mi naonaga bora umuulize huyo bibi mumewe alikuwaje, ataanza kusimulia mwenyewe anatulia. Na watakufa, tena wale ushawazoea, na shifti inaendelea.

Kwenye intavyuu waulize usiku mfanyakazi mmoja anabaki na wazee wangapi. Wakianza kuzungushazungusha maneno, tafuta kwingine.